Nukta Inayokula Dakika: Historia Fupi ya Saa, Desimali na Mshahara



Wengi wetu tunaoishi hapa Marekani tunalipwa kwa saa. Wapo wanaotunza wazee majumbani, wapo walio katika maghala, mahoteli, viwanda vya nyama na hospitali, na wapo vijana wanaosoma mchana na kufanya kazi usiku. Wote hao, kila baada ya wiki moja au mbili, hupokea karatasi ya malipo yenye safu ya saa walizofanya kazi. Katika safu hiyo mtu hukuta 7.75, au 8.33, au 41.67, na mara nyingi katika mikusanyiko yetu swali hili husikika: dakika sabini na tano zimetoka wapi, na saa ina dakika sitini tu?

Jibu ni fupi. Hiyo 7.75 ni saa saba na robo tatu, yaani saa saba na dakika 45. Lakini nyuma ya jibu hilo ipo historia ndefu. Katika nukta ile moja zimekutana hesabu mbili zilizozaliwa mbali mbali, hesabu ya sitini na hesabu ya kumi, na pale zinapokutana ndipo fedha ya mfanyakazi inapoweza kupotea bila ya mtu yeyote kutia mkono mfukoni mwake. Makala haya yanaeleza hesabu hizo zilitoka wapi, zilikutana vipi katika ofisi ya mishahara, na kwa nini anayelipwa kwa saa anapaswa kujua njia ya kutoka hii kwenda ile.

Sitini, namba ya kugawana

Kugawa kwa sitini tumeachiwa na watu wa Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Wao waliandika namba zao kwa msingi wa 60 kama sisi tunavyoandika kwa msingi wa 10. Kwa nini sitini? Wataalamu wametoa sababu nyingi, lakini faida yake inaonekana wazi hata kwa mtoto wa shule. Sitini hugawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30, bila ya kubakisha kitu.

Watu wa pwani wanaojua mirathi wataelewa haraka. Mafungu yanayotajwa katika kugawa urithi ni nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Nusu ya sitini ni 30, thuluthi ni 20, robo ni 15, sudusi ni 10. Zote ni namba kamili, isipokuwa thumuni tu ndiyo inayokataa. Sasa jaribu mafungu hayo hayo kwa mia. Nusu na robo zinakubali, lakini thuluthi ya mia ni 33 na kitu, na kitu hicho hakimaliziki. Sudusi ni 16 na kitu, nayo haimaliziki. Tuiweke akilini tofauti hii, maana tutaikuta tena katika karatasi ya mshahara.

Ptolemy, mnajimu wa Iskandaria wa karne ya 2, alizitumia sehemu za sitini katika kitabu chake kikubwa cha nyota. Wanazuoni wa Kiislamu wakazipokea, na al-Biruni, karibu na mwaka 1000, alizitumia kugawa saa yenyewe alipokuwa akihesabu nyakati za mwezi mwandamo. Neno letu "dakika" lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kitu chembamba, kidogo sana. Wazungu nao, kwa Kilatini, walisema "sehemu ndogo ya kwanza" na "sehemu ndogo ya pili", na katika hiyo "ya pili" ndimo lilimotoka neno sekunde. Na Kiswahili cha wazee wetu kiliita sekunde "nukta": walisema dakika na nukta. Kwa hiyo neno hilo moja kwetu lina maana mbili, kituo cha maandishi na kipande cha wakati.

Kumi, namba ya fedha

Hesabu ya kumi nayo ilikuwa ikienda njia yake. Namba tunazotumia leo zilitoka India zikapita kwa Waarabu. Katika karne ya 10, huko Dameski, al-Uqlidisi aliandika juu ya visehemu vya kumi, yaani kile tunachokiita leo desimali. Mwaka 1424 al-Kashi wa Samarkand alikokotoa mzingo wa duara kwa hesabu ya sitini, kisha akaigeuza namba yake kuwa desimali 16. Katika orodha ya watu waliotoka sitini kwenda kumi jina lake ni la heshima, ingawa yeye hakuwa akitafuta mshahara wa wiki.

Barani Ulaya aliyezieneza desimali kwa watu wa kawaida ni mhandisi, Simon Stevin wa Flanders. Kijitabu chake cha 1585 kiliandikwa kwa ajili ya wapima ardhi, wapima nguo na wafanyabiashara, ili wafanye kila hesabu kwa namba kamili bila ya kubabaika na visehemu. Alipendekeza pia fedha na vipimo vigawanywe kwa kumi.

Fedha zilichukua muda. Marekani iliifuata njia hiyo kwa sheria ya 1792, dola moja senti mia. Uingereza iliendelea na paundi ya shilingi 20 na peni 240 hadi Februari 15, 1971. Kwetu, babu zetu walihesabu rupia kwa anna 16 na pesa 64, na ndiko neno "pesa" lilikotoka, kabla ya shilingi ya senti mia kuingia Kenya, Uganda na Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sokoni walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja. Hakuna aliyepata taabu, kwa sababu aliyepima na aliyelipa walitumia kigawanyo kile kile. Taabu huanza pale kitu kinapopimwa kwa kigawanyo kimoja na kulipwa kwa kingine.

Wafaransa walipotaka kuibadili saa

Wapo waliotaka kuimaliza taabu hiyo kwa kuibadili saa yenyewe. Serikali ya Mapinduzi ya Ufaransa, kwa sheria ya Novemba 24, 1793, iliigawa siku nzima, kutoka usiku wa manane hadi usiku wa manane mwingine, kuwa saa 10, kila saa dakika 100, kila dakika sekunde 100. Saa hiyo mpya ilikuwa ndefu, sawa na dakika zetu 144. Mafundi wakatengeneza saa zenye duara mbili, moja ya zamani na moja ya kimapinduzi. Matumizi yake yalifanywa ya lazima kuanzia Septemba 1794.

Hayakudumu. Sheria ya Aprili 7, 1795 ikausimamisha ulazima huo. La kushangaza ni kwamba sheria hiyo hiyo ndiyo iliyothibitisha mita, gramu na lita tunazotumia leo. Kwa nini mita ikaishi na saa ya kumi ikafa? Vipimo vya urefu na uzito vilikuwa vikitofautiana mji kwa mji, na mfanyabiashara alidhulumika njiani, hivyo mita ilimwondolea mzigo. Saa haikuwa na tofauti hiyo. Dakika ya Paris na ya Marseille zilikuwa moja, na saa za ukutani na mifukoni zilikuwa ghali, nani angezitupa? Aidha, kalenda iliyoletwa pamoja na saa hiyo ilikuwa na juma la siku kumi. Mfanyakazi aliyezoea kupumzika siku ya saba sasa alingoja hadi ya kumi. Kwake yeye, hesabu ya kumi ilikuja ikiwa imebeba kazi zaidi.

Basi saa ikabaki na sitini zake. Lakini kile ambacho Mapinduzi yalishindwa kukifanya hadharani, ofisi za viwanda zilikuja kukifanya kimya kimya kwenye karatasi, karibu miaka mia moja baadaye.

Mashine mbili za 1888

Mwaka 1888, katika mji wa Auburn, jimbo la New York, sonara aitwaye Willard Bundy alibuni mashine ya kuandikisha muda wa wafanyakazi. Kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wenye namba yake. Akiutia na kuuzungusha, mashine ilichapa namba hiyo pamoja na saa na dakika. Yeye na ndugu yake Harlow wakafungua kiwanda huko Binghamton. Mwaka 1894 Daniel Cooper wa Rochester akasajili mashine inayochapa kwenye kadi ya kila mtu, na huo ndio mwanzo wa kugonga kadi. Kampuni hizo ziliungana na nyingine, zikaingia mwaka 1911 katika kampuni moja kubwa, ambayo mwaka 1924 ilijiita IBM.

Mwaka huo huo wa 1888, William Burroughs wa St. Louis alipewa hati ya ubunifu wa mashine ya kujumlisha. Mashine za aina hiyo zilijumlisha kwa makumi, kama kichwa cha karani kinavyojumlisha. Tazama basi hali ya ofisi ya mishahara: mlangoni mashine ya kwanza inachapa kwa sitini, mezani mashine ya pili inajumlisha kwa kumi, na dola yenyewe imegawanywa kwa mia. Katikati lazima awepo mfasiri. Mfasiri huyo alikuwa karani mwenye jedwali la kugeuza dakika kuwa sehemu za mia za saa: dakika 6 ni 0.10, dakika 15 ni 0.25, dakika 20 ni 0.33. Baadaye zilitengenezwa mashine za kadi zinazochapa sehemu za mia moja kwa moja, na leo ni programu ya kompyuta inayofanya kazi hiyo, lakini jedwali ni lile lile.

Wahandisi nao walikuwemo. Frederick Taylor na wafuasi wake walipima kila mkono wa mfanyakazi kwa saa ya kusimamisha, na saa za kazi hiyo zilikuja kugawanywa kwa sehemu 100 za dakika badala ya sekunde 60, ili hesabu iwe nyepesi. Wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Watertown, Massachusetts, waligoma Agosti 1911 kwa sababu ya kupimwa hivyo, na mwaka 1915 Bunge la Marekani likazuia fedha za serikali kutumika kwa upimaji huo katika viwanda vyake vya silaha. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba anayegawa dakika ndiye anayegawa mshahara.

Kwetu: kibarua na kipande

Tusidhani kwamba jambo hili ni la viwanda vya Wazungu tu. Lugha yetu inalikumbuka. "Kibarua" asili yake ni barua ndogo, kile kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili akionyeshe anapokwenda kuchukua ujira wake. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Leo tunasema fulani ni kibarua, na hatukumbuki kwamba tunamwita kwa jina la kadi yake ya malipo.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika wakati wa ukoloni kulikuwa na kipande. Hiki kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Mfanyakazi akimaliza kazi aliyopimiwa siku hiyo, nafasi moja hutiwa alama, na kadi ikijaa ndipo mshahara hukamilika. Asiyemaliza kazi ya siku hakupata alama. Kwa lugha ya hesabu, hapo kipimo kidogo kabisa cha malipo kilikuwa siku nzima, na kila kilichopungua siku kilihesabiwa sifuri. Mtu aliyefanya robo tatu ya kazi alijua kwamba ametoa jasho la robo tatu, ila kadi haikujua. Kadiri kipimo kinavyokuwa kikubwa ndivyo kinachopotea katikati kinavyokuwa kikubwa. Dakika na sehemu za mia, pamoja na matatizo yake, ni nafuu kuliko kipande.

Na kitu kingine tulichorithi wakati huo ni nukta. Waingereza walizoea kuandika saa kwa nukta moja, na shule zetu na magazeti yetu yakafuata: mkutano utaanza saa 2.30 asubuhi. Hakuna aliyekosea, maana sote tulijua kwamba nukta hiyo inatenga saa na dakika tu. Huku Marekani saa ya ukutani huandikwa kwa nukta pacha, zile mbili zilizopandana, yaani 8:30, na nukta moja imeachiwa desimali. Basi mtu wetu akiandika kwenye karatasi ya muda kwamba amefanya kazi 7.30, yeye amekusudia saa saba na nusu. Karani au kompyuta inasoma saa saba na sehemu thelathini za mia, ambazo ni dakika 18. Dakika 12 zimeliwa na nukta.

Hasara inayoinama upande mmoja

Hapa nawaomba wasomaji wavumilie hesabu kidogo, kwani ndiyo kiini cha makala haya. Makosa mengi ya kuandika yanaweza kwenda upande wowote: leo yakupunguze, kesho yakuongeze. Kosa la nukta haliko hivyo. Dakika 30 zikisomwa kama sehemu za mia huwa dakika 18, zimepotea 12. Dakika 45 huwa 27, zimepotea 18. Dakika 55 huwa 33, zimepotea 22. Kila mara kinachopotea ni humusi mbili za dakika zilizoandikwa, na kila mara anayepoteza ni mfanyakazi. Haiwezekani hata siku moja kosa hili limpe ziada.

Tuchukue mfano wa mtu anayelipwa dola 16 kwa saa na kufanya kazi saa 8 na dakika 20 kila siku kwa siku tano. Jumla yake ni saa 41 na dakika 40. Sheria ya taifa ya viwango vya kazi, iliyotiwa saini na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1938, inamtaka mwajiri amlipe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 katika wiki (kikomo kilianza na saa 44, kikafika 40 mwaka 1940). Kwa hiyo saa moja na dakika 40 ni za ziada, kwa dola 24 kila saa, ambazo ni dola 40.

Akiandika 8.20 kila siku, jumla inasomwa 41.00, na ziada inakuwa saa moja tu, dola 24. Amepoteza dola 16 katika wiki, na kwa wiki 50 ni dola 800. Ikiwa kila siku imegeuzwa sawasawa kuwa 8.33, jumla ni 41.65 badala ya 41.67, na hasara ni dakika moja, senti 40. Hiyo ndiyo thuluthi isiyomalizika tuliyoitaja mwanzo. Ikiwa kila siku imekatwa kuwa 8.3, jumla ni 41.5, na hasara ni dakika 10, dola 4. Mtu ni yule yule, jasho ni lile lile, na mwajiri si lazima awe mwizi. Kilichobadilika ni namna ya kuandika tu.

Robo saa za Mount Clemens

Mlango wa pili wa hasara ni kukadiria, yaani kuisogeza dakika iliyogongwa mpaka kwenye robo saa au sehemu ya kumi iliyo karibu. Historia yake mashuhuri inatoka katika kiwanda cha vyombo vya udongo cha Mount Clemens, Michigan. Huko kampuni ilianza kuhesabu kazi kutoka robo saa inayofuata baada ya mtu kugonga kadi, na kuishia robo saa iliyotangulia kabla ya kugonga kutoka. Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa mfano: mtu amegonga 6:46 asubuhi, akatoka 12:14, akarudi 12:46, akaondoka 4:14. Kwa mashine, muda wake ni saa 8 na dakika 56. Kwa kampuni, ni saa 8 kamili. Tazama kwamba kila mara kukadiria kulimwelekea mfanyakazi vibaya, asubuhi na jioni, kuingia na kutoka.

Wafanyakazi saba na chama chao walishtaki, na mwaka 1946 Mahakama Kuu ikaamua kwamba muda wa lazima wa kutembea ndani ya kiwanda na kujitayarisha kwa kazi ni muda wa kulipwa, isipokuwa pale unapokuwa mdogo mno kiasi cha kupuuzwa. Haikusema kwamba kila dakika baada ya kugonga kadi ni kazi. Lakini ilisema jambo jingine lililo kubwa zaidi kwetu: ikiwa mwajiri hakutunza kumbukumbu sahihi, mfanyakazi hatanyimwa haki yake kwa kukosa hesabu ya dakika kwa dakika. Inatosha alete ushahidi wa kuridhisha wa kazi aliyofanya, na hapo mzigo humrudia mwajiri. Waajiri walipiga kelele, na mwaka 1947 Bunge likapitisha sheria iliyoondoa malipo ya sehemu kubwa ya muda huo wa kutembea na kujitayarisha.

Mwaka 1961 Wizara ya Kazi iliweka kanuni inayoruhusu kukadiria kwa dakika 5, sehemu ya kumi ya saa, au robo saa iliyo karibu, kwa sharti kwamba baada ya muda hesabu ziwe zimesawazishana na mfanyakazi alipwe kazi yote aliyofanya. Kwa robo saa, dakika 1 hadi 7 hurudi nyuma, na 8 hadi 14 husogea mbele. Kwenye karatasi mizani hiyo iko sawa. Lakini mhandisi huuliza: vitu vinavyowekwa juu ya mizani viko sawa? Ikiwa anayechelewa dakika tano anaonywa, na anayewahi dakika tano hasemwi kitu, basi watu wote watawahi. Wakigonga 6:53, itaandikwa 7:00, na kama wameanza kazi mara tu walipogonga, kanuni iliyo sawa itatoa matokeo yaliyoinama. Ndiyo maana lile sharti la kusawazishana lina uzito kuliko kanuni yenyewe.

Mahakama Kuu ya California imekwenda mbali zaidi kwa sheria za jimbo lake. Mwaka 2018, katika kesi ya Troester dhidi ya Starbucks, mfanyakazi alikuwa akifunga duka baada ya kugonga kutoka, dakika chache kila usiku. Kwa miezi 17 zilifika saa 12 na dakika 50, na kwa dola 8 kwa saa ni dola 102.67. (Aliyeandika 12.50 angepata dola 100 tu. Mahakama iligeuza vizuri.) Ilisema kwamba kwa mtu wa kawaida fedha hiyo inalipa bili, au chakula cha wiki, au nauli ya basi ya mwezi, hivyo si ya kupuuzwa. Na mwaka 2021, katika kesi ya Donohue dhidi ya AMN Services, ilikataza kukadiria muda wa mapumziko ya chakula. Mfano wake ulikuwa wa mtu anayetoka 11:02 na kurudi 11:25. Mashine inayokadiria kwa dakika 10 iliandika 11:00 hadi 11:30, na dakika 23 zikageuka nusu saa kamili.

La kufanya

Jimbo kwa jimbo sheria zinatofautiana, na mwenye dai atafute mwanasheria au ofisi ya kazi ya mahali alipo. Lakini hesabu haitofautiani, na kila mmoja anaweza kuifanya.

Kwanza, andika mwenyewe kwenye daftari saa na dakika za kuingia na kutoka, kila siku. Pili, jumlisha wiki nzima kwa saa na dakika, na ugeuze mara moja tu mwishoni, ili thuluthi zisizomalizika zisikatwe mara tano. Tatu, kugeuza ni kugawa dakika kwa 60: dakika 40 ni 0.67. Kama huna kikokotozi, kumbuka kwamba dakika 6 ni sehemu ya kumi na dakika 3 ni nusu yake. Dakika 27 basi ni 0.45. Nne, kurudi nyuma ni kuzidisha kwa 60: ukiona 0.85, ni dakika 51. Tano, ukijaza karatasi ya muda kwa mkono, andika 7:30 au andika 7.50, na usiandike 7.30 kamwe kama umekusudia saa saba na nusu. Sita, hifadhi karatasi zako. Sheria ya taifa inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za mishahara miaka mitatu na kadi za muda miaka miwili, na muda wa kudai ni miaka miwili, au mitatu ikiwa amevunja sheria kwa makusudi. Anayengoja muda mrefu hukuta kadi zimekwisha tupwa.

Na ukikuta tofauti, usianze kwa kumwita mtu mwizi. Nenda na daftari lako, uonyeshe siku na dakika, uombe irekebishwe. Makosa mengi ni ya nukta na jedwali, na mtu wa mishahara aliye mwaminifu atafurahi kuonyeshwa. Asiye mwaminifu naye atajua kwamba kuna anayehesabu.

Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba hukimaliza pia. Tuwafundishe hesabu hii vijana wanaoanza kazi yao ya kwanza, na wazazi wetu waliofika juzi wasiozoea karatasi hizi, kabla ya cheki ya kwanza kutoka.